Panzi, Mama Mkwe na Breki ya Mkono

Juzi mjukuu wangu Shabani kaja kunionyesha gari. Kalinunua Dar, mtumba, la Kijapani, milango miwili, jekundu, limeinama mbele kama linanusa ardhi. "Shikamoo babu." "Marahaba." Nikalizunguka. Gari zuri, sikatai. Nikamuuliza, haya, umebakiwa na visenti vyako, unaanza kurekebisha nini? Akanijibu bila hata kumeza mate.

"Ekzosi, babu. Nakata hii iliyopo, naweka fupi, pana, inayounguruma. Nikiwasha hapa Mikumi, Kidodi wanasikia."

Chai ilinitokea puani. Kikombe nikakiweka chini.

"Na breki je?"

"Breki zipo, babu."

"Umeziangalia?"

"Gari linasimama."

Yarabi! Gari linasimama! Hata ukiligonga ukutani litasimama!

Basi nyie vijana wote mnaopita barabara hii mkiunguruma mpaka tembo wa mbugani wanainua masikio, kaeni mnisikilize. Mimi ni fundi mstaafu. Spana nilianza kuishika enzi za Mwingereza, katika karakana ya shamba la mkonge karibu na Kilosa. Baba yangu alitoka Songea akaja kukata mkonge kwa mkataba, akawa manamba kama wenziwe. Mkataba ukaisha, yeye akabaki, nasi tukazaliwa kambini. Nimeona malori ya kupiga hendeli mkono mpaka bega linateguka. Nimeona mengi. Lakini jambo lililonipiga butwaa kuliko yote maishani mwangu lilianza hivihivi, na kijana mwenye gari la mtumba na hamu ya kukata bomba la moshi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi Maganga, Mnyamwezi, mrefu, mkimya, aliyekuwa keya, askari wa Kiafrika wa Mwingereza. Aliwahi kutengeneza malori ya jeshi huko Burma kwenye matope, na alirudi na vitu viwili: kikohozi, na gunia la turubai la kulalia chini ya magari. Ukimletea gari, hata liwe na tatizo la honi tu, yeye kwanza anatandika gunia, analala chini, anatazama. Anaweza kukaa huko mpaka ukadhani amesinzia. Akitoka anasema, "Kila kifaa kina jirani. Ukimgusa mmoja, nenda kamwamkie na wa pili." Sisi vijana tulikuwa tunacheka. Mzee na majirani zake!

Sasa Gaspari. Gaspari alikuwa dereva wa lori la kupeleka singa stesheni, zile nyuzi za mkonge zilizokwisha kukaushwa. Kijana wa milimani, kasoma misheni, suruali imenyooshwa pasi hata siku ya kazi. Alikuwa rafiki yangu. Siku moja mzungu kijana, msaidizi wa meneja, akaitwa kwao ghafla, akauza kila kitu mpaka vyandarua. Na gari lake likauzwa. Gari dogo la kijani la Kiingereza, la watu wawili tu, paa lake turubai, boneti ndefu, miguu mifupi. Mzungu yule alikuwa akilipeleka huku tambarare za Mikumi kushindana na upepo, linaruka kila tuta. Kambini tukaliita Panzi.

Nani kalinunua? Gaspari!

Lo! Siku alipoingia nalo kambini wanawake waliacha kutwanga. Nyapara mmoja alivua kofia akidhani bwana mkubwa anapita. Alipoona ni Gaspari akaivaa tena kwa hasira. Mwafrika, dereva wa lori, na gari la kukimbilia! Watu walilizunguka jioni nzima wakilishika kana kwamba litawajibu. Mimi mwenyewe nilishindwa kula. Akiba yake yote ya miaka ilikuwa imekaa pale, kwenye magurudumu manne yaliyochakaa.

Kesho yake akalileta karakanani.

"Mzee Maganga, shikamoo. Nimebakiwa na kiasi kidogo. Nataka kabureta ya pili, honi ya sauti mbili, na hili bomba la moshi nilifupishe liungurume kiume."

Maganga akatandika gunia, akalala chini. Tukangoja. Gaspari akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye taa. Mwishowe sauti ikatoka chini ya gari.

"Gaspari, hii kebo ya breki ya mkono ilikufa zamani. Yule mzungu wako alikuwa anaegesha kwa jiwe."

"Ya mkono ya nini mzee? Ya mguu si ipo?"

"Ya mguu imebakiza chuma. Viatu vya breki vimekwisha. Tairi ya nyuma ina ufa, kidole kinaingia. Rejeta imejaa mbegu za majani ya Mikumi." Akatoka, akajifuta mikono. "Gari la mbio la mtumba, baba, kwanza lisimame. Halafu lishike njia. Halafu lisichemke. Pesa ikibaki ndiyo tuzungumze habari ya kukimbia."

Gaspari alikasirika, lakini kwa utani, maana Wanyamwezi na watu wa huku wametaniana tangu enzi za misafara. "Mnyamwezi wewe, umezoea kutembea na mzigo kichwani, utajuaje raha ya mwendo?"

"Ndiyo maana nilifika," Maganga akasema. "Wenye haraka niliwapita njiani wamekaa."

Kulikuwa na sababu ya Maganga kuwa mkali juu ya breki. Kabla ya hapo vipuri vilituchelewea, na mjuaji mmoja pale karakanani akaleta maarifa: tukate mkanda mkuukuu wa mashine ya korona, ule unaozungusha mitambo ya kukamua mkonge, tuufanye ngozi ya viatu vya breki vya lori. Mkanda mnene, mgumu, unavumilia kazi kutwa. Kwa nini usivumilie breki? Tukafunga. Kwenye uwanja lori likasimama vizuri, tukapongezana. Siku ya pili likapakiwa singa, likashuka mteremko wa stesheni. Mkanda ulipata moto, ukaanza kuteleza kama sabuni. Tuliliona linapita mbele yetu, dereva kasimama juu ya breki kwa miguu miwili, moshi unatoka magurudumuni, likaingia bandani mwa kuku wa stesheni masta. Manyoya yalipaa mpaka juu ya tangi la maji! Tulipofungua gurudumu tukakuta mkaa mtupu. Kumbe kinachovumilia kuzungushwa hakivumilii kusuguliwa, na hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Kwa hiyo kwa Panzi, Maganga hakukubali cha mkanda wala cha kamba. Viatu vipya vya breki, kebo mpya, vyote kutoka Morogoro. Tulifunga pamoja. Alinifundisha kuinua gurudumu kwa jeki, kulizungusha kwa mkono, kuvuta breki ya mkono jino moja moja, nikisikiliza gurudumu linavyoanza kulalamika. "Pande zote mbili zilalamike sawasawa," alisema. "Upande mmoja ukinyamaza, siku ya shida utakupindua." Jifunzeni hilo, halina haja ya kompyuta.

Gaspari alikuwa amebakiza pesa ya kabureta. Akaja na uso wa sikukuu. Na wiki hiyohiyo ikaja habari kutoka Kisanga, kijijini kwao huko milimani.

Mkewe, Monika, alikuwa Kisanga kwa mama yake, ana mimba kubwa. Mimba ya kwanza mtoto alikuwa amefia tumboni na Monika mwenyewe aliponea chupuchupu, kwa sababu hospitali ilikuwa Kilosa na yeye alikuwa Kisanga. Safari hii dresa wa hospitali, yule mganga msaidizi, alikuwa amesema wazi: mama huyu asizalie kijijini, aletwe Kilosa mapema, la sivyo mtazika wawili. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa milimani. Mvua ikishuka, njia ya Kisanga inakuwa uji, halipiti basi, halipiti lori. Malori ya shamba yalikuwa ya singa na ya bwana mkubwa, hakuna aliyethubutu kuomba. Lilikuwepo Panzi tu.

"Si umchukue basi!" nikamwambia. "Viti viwili, wewe na mkeo."

Gaspari akainamisha kichwa. "Mama yake amesema bintiye haondoki peke yake tena. Kama haendi naye, hatoki mtu."

Hapo ndipo tulipoelewa ukubwa wa msiba. Kwa watu wa huko, nyie mliozaliwa juzi hamjui, mkwe na mama mkwe hawakutani. Akimwona anakuja njiani, mkwe anaacha njia, anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka apite. Mama anafunika uso kwa khanga. Hawaitani majina. Hawasemezani ila kwa mjumbe, hata wakiwa wametengwa na ukuta tu: "Mwambie fulani hivi." Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Sasa mtu wa namna hiyo utampakia vipi kwenye gari ambalo abiria wanagusana magoti?

Maganga alisikiliza, akakohoa. Akaenda nyuma ya Panzi, akafungua kifuniko cha buti, akapima kwa shubiri. "Tutaweka kiti hapa," akasema, "kitazame nyuma. Yeye hamwoni mkwe, mkwe hamwoni yeye. Kila mtu na heshima yake."

Magari yote niliyowahi kuyaona yalikuwa yanatazama yanakokwenda! Tuliling'oa lile buti, tukaunda sanduku la mbao za mninga, tukalifunga kwa boliti juu kidogo ya tangi la petroli, tukashona gunia na kulishindilia singa fupi zile zinazotupwa. Kiti kilikuwa laini, hata meneja hakuwa nacho. Watu wawili wangeweza kukaa wakibanana. Pesa ya kabureta ikaishia kwenye mbao na boliti.

"Kabureta yangu imekuwa kiti cha mama mkwe!" Gaspari alilia machozi ya kweli, nasi tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Safari ikapangwa Jumapili. Mimi niende naye, maana injini ilikuwa na visirani, na tena alihitajika mjumbe. Maganga alikuwa kanisani. Asubuhi nipo mlangoni navaa viatu, nikasikia ngurumo kutoka ng'ambo ya kambi. Nilidhani mashine ya korona imelipuka. Panzi akatokea, moshi nyuma, watoto wanakimbia wanalia.

"Gaspari! Umefanya nini?"

"Nimekata bomba!" alipiga kelele juu ya kelele. "Kwa msumeno wa chuma! Angalau kimoja kiwe changu!"

"Mzee Maganga akisikia..."

"Atasikia! Kilosa yote itasikia!"

Nikasema tulale chini tuangalie bomba limeishia wapi. Akasema hakuna wakati, ametumwa mtu usiku, Monika ameanza kuumwa kiuno. Nikatazama milima, mawingu meusi. Nikapanda. Tulipopita kijiji cha Ulaya, Ulaya yetu hii ya mtama na magulio, baiskeli zote zilikimbilia mitaroni.

Tulipofika Kisanga, Gaspari akazima gari mbali na nyumba, akaenda kusimama nyuma ya ghala, katugeuzia mgongo. Mama mkwe akatoka, khanga usoni, anamkokota Monika aliyekuwa ameshika tumbo. Mwanamke mfupi, mikono mikavu, sauti ya chini.

"Wewe ndiye mjumbe?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kiti changu kipi?" Nikamwonyesha. Akakibonyeza. Akakaa, akatazama nyuma, akatikisa kichwa. "Mwambie mwenye gari nimeshukuru. Amenifikiria." Nikapaza sauti, kule ghalani mgongo ukainama kupokea. Halafu mama akashuka, akazunguka mbele. "Na kinachosimamisha kitu hiki ni kipi?"

Sijawahi kuulizwa na abiria swali hilo, wala kabla wala baada. Nikamwonyesha breki ya mguu. Akasema huo mguu si wake, haufiki. Nikamwonyesha ya mkono, katikati ya viti. "Unavuta juu, mama, kwa nguvu, huachii."

Akavuta. Akaachia. Akavuta tena. "Haya," akasema, "twendeni."

Basi tukaondoka, Gaspari na Monika mbele, mimi na mama nyuma tukiitazama Kisanga inatukimbia. Ngurumo ilikuwa inatuingia matakoni. Mama kashika ukingo wa sanduku, khanga kaishika kwa meno. Kila shimo ananiambia, "Mwambie mwenye gari apunguze, kuna mgonjwa," nami nageuka kupiga kelele, wapi, hasikii. Nilisikia harufu ya kuungua, lakini msimu ule watu walikuwa wanachoma mashamba kusubiri mvua, moshi ulikuwa pande zote. Sikujali.

Tukapanda kilima cha kabla ya kijito kinachoingia mto Miyombo. Panzi alipanda akinguruma mpaka nilihisi meno yanacheza. Juu kileleni palikuwa na tuta la mzizi. Gari likaruka, mama akashika ukingo, mimi nikashika hewa. Nilijikuta nimekaa barabarani, kofia kichwani, spana mfukoni, na Panzi anaondoka!

Mama aliniona. Tulikuwa tunatazamana ana kwa ana. Na yule mama mwenye heshima zake zote, akacheka! Akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Ndipo nikaona moshi. Haukuwa wa mashamba. Ulikuwa unatoka chini ya kiti chake, mweupe, halafu wa njano, na ndani yake kitu chekundu kinalamba. Bomba lile fupi lilikuwa limeishia palepale chini ya sanduku, linapumulia moto kwenye singa. Na chini ya singa, mama yangu wee, tangi la petroli!

Nilikimbia. Nilipiga kelele, nikaonyesha kwa mikono miwili. Mama akaacha kucheka. Akatazama chini, akainua miguu. Gaspari naye, kama madereva wote mabahili, alipoona mteremko akaitoa gia, akaliachia gari liteleze bure kuokoa petroli. Kelele ikapungua. Nikasikia mama anaita, sauti nyembamba, "Mwambie asimame! Mwambieni mwenye gari asimame!"

Amwambie nani? Mjumbe nilikuwa kileleni natimua vumbi! Monika uchungu ulikuwa umembana, kauma khanga, hawezi neno. Na Gaspari, baadaye aliniapia kwa Mungu, alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Lakini ujumbe wa mama mkwe hauchukuliwi moja kwa moja. Alikuwa anasubiri mimi nimfikishie!

Chini kulikuwa na daraja la magogo, jembamba, na gari linazidi mwendo.

Sasa sikilizeni nilichokiona kwa macho haya. Mama alisimama ndani ya lile sanduku linalowaka. Aligeuka mbele. Khanga ikaruka kichwani, ikapaa na upepo, ikatua njiani. Akapiga goti juu ya mgongo wa kiti, akanyoosha mkono, akamkamata mkwe wake sikio.

Sikio! Mimi Mngoni tu, mtoto wa kambini, mila ile si yangu, lakini miguu yangu ilisimama yenyewe. Akalivuta, akamtaja jina, mlima mzima ukasikia.

"Gaspari! Simama!"

Gaspari akageuka. Uso wa mama mkwe, wazi, bila khanga, pua kwa pua. Na mnadhani alifanya nini? Alikanyaga breki? Thubutu! Alifanya alichofundishwa tangu utoto: ukikutana na mama mkwe, acha njia. Akaruka! Akatoka mlangoni gari likienda, akabiringika majanini, akainuka, akawapa mgongo.

La haula! Gari halina dereva, nyuma linaungua, mbele daraja, ndani mama na mwana na mjukuu ambaye hajaona jua. Nilifumba macho. Sikutaka kuona.

Nikasikia chuma kinalalamika. Pande zote mbili, sawasawa.

Nilipofumbua, Panzi alikuwa amekaa upande kidogo, gurudumu la mbele likigusa gogo la kwanza la daraja. Mama alikuwa amelala kifudifudi kati ya viti, miguu hewani kwenye moshi, mikono miwili imeng'ang'ania breki ya mkono. Haachii. Nilimwambia usiachie, hakuachia.

Niliwafikia napumua kwa shida. Tulimtoa Monika, nikapiga teke sanduku mpaka boliti zikatoka, likaanguka njiani likiwaka. Mchanga, mchanga, mchanga, kwa mikono, kwa kofia, mpaka rangi ya tangi ilipoacha kuvimba. Pindo la nguo ya mama lilikuwa limeungua, na visigino vyake. Gaspari bado yuko katikati ya shamba lililofyekwa, katugeuzia mgongo.

Mama akanitazama. "Mwambie mwenye gari..." akaanza. Monika akapiga ukelele. Mama akavuta pumzi, akaita mwenyewe.

"Gaspari. Geuka."

Hakugeuka.

"Sikio nimelishika. Jina nimelitaja. Uso umeuona. Imebaki aibu gani? Njoo uendeshe, mtoto anakuja. Leo mimi si mkweo. Leo mimi ni breki yako."

Akaja, macho chini, machozi yanamchuruzika. Mama akabanana na bintiye kwenye kiti kimoja, bega kwa bega na mkwe, mkono wake juu ya ile breki. Nami? Nafasi yangu ilikuwa inatoa moshi mtaroni. Wakaniacha. Nilitembea, mvua ikanikuta kabla sijaiona reli, nikaingia hospitali Kilosa nimelowa chapachapa. Gaspari alikuwa kibarazani, anacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto wa kike, mzima. Monika mzima. Dresa alisema wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kufanya.

Kesho yake Maganga alitandika gunia, akalala chini ya Panzi. Alitazama lile bomba lililokatwa, akatazama tangi lililobabuka. Alipotoka alikaa chini, mtu aliyeona vita, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema neno moja tu.

"Jirani."

Tukaunga bomba, refu, likatoka mpaka nyuma ya gari linakotakiwa. Wazee wa Kisanga wakakaa, mkwe akatoa mbuzi, aibu ikafutwa. Na baada ya hapo heshima ilirudi kama zamani: khanga usoni, "mwambie mwenye gari," mgongo nyuma ya ghala. Mama yule hakumtaja tena Gaspari jina mpaka anaingia kaburini. Ila kila Panzi alipofika Kisanga, alikuwa anatoka ndani amejifunika, anaingiza mkono garini, anavuta ile breki ya mkono, anasikiliza, anaachia, anarudi jikoni.

Shabani, baba. Unajua kwa nini mama yako akipanda gari la mtu yeyote, hata teksi, anauliza kwanza breki ya mkono iko wapi? Alifundishwa na bibi yake wa Kisanga, kabla hata ya kufundishwa kusali. Nilipompeleka mwanangu, baba yako, kuposa kwa Gaspari, Muislamu kwa Mkristo, vikao havikwisha, mpaka yule bikizee akaniona mlangoni, akanikumbuka nimekaa barabarani na kofia yangu, akacheka tena vilevile, akasema wapewe.

Mama yako ndiye aliyekuwa tumboni siku ile. Sasa chukua msumeno wako, kalale kwanza chini ya gari, na ukishatazama, kamwite mama yako ulikate bomba mbele yake.